Mmiliki Mpya wa Pumziko

Siagi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na wa pili bado msitu, kinyozi alipozima mashine na kutoa simu mfukoni.

"Samahani, kaka. Hii lazima niione mpaka mwisho."

Wateja waliokaa kwenye benchi nao walikuwa wameinamia simu zao, wanacheka mpaka wanapigana mabega. Siagi akanyoosha shingo, kitambaa cha kunyolea kikiwa bado kimemkaba kooni, akachungulia.

Kwenye video alikuwa nesi, bado amevaa sare ya kazini, amesimama chumbani kwake mbele ya godoro. Alieleza kwa sauti ya upole, ile ya kuwaambia ndugu wa mgonjwa wakae chini kwanza, kwamba godoro hilo amelinunua juzijuzi katika duka liitwalo Pumziko, na tangu alilalie mgongo wake umekuwa ndoano. Kisha akavaa glavu, akashika mkasi, akalipasua godoro ubavuni. Akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvionyesha kwenye kamera. Magunia. Nusu ya pazia. Mkono wa sweta, bila sweta lenyewe. Soksi. Mwisho akavuta kitambaa kirefu, akakikunjua, kikasomeka: KARIBUNI KWENYE MAHAFALI.

"Mgonjwa hatapona," nesi akasema, akavua glavu.

Kinyozi alijifuta machozi. Benchi zima likaangua kicheko upya. Siagi peke yake hakucheka. Wenzake waliona godoro; yeye alimwona mwenye duka, mahali fulani mjini, ameshika tama, anatafuta mtu wa kumwokoa.

"Hilo duka liko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya soko, karibu na maghala. Unataka godoro?"

"Nataka kumpa pole mwenyewe. Malizia upande huu."

Ni haki msomaji amfahamu huyu bwana kabla hajatoka kwa kinyozi. Jina la Siagi alipewa mtaani kwa sababu maneno yake yaliteleza yenyewe, hukuhitaji kuyatafuna. Aliwahi kuuza tiketi za semina ya namna ya kuwatambua matapeli, akala viingilio vyote na hakutokea ukumbini; na mpaka leo anashikilia kwamba hakuna semina iliyowahi kufundisha watu haraka kama ile. Alikuwa na sura ya mtu unayeweza kumwachia mtoto. Sura hiyo aliitunza kama mtu anavyotunza gari la biashara: hakukubali kupigwa picha. Katika picha za harusi ya dada yake linaonekana sikio lake tu, nyuma ya bega la mjomba mnene.

Dada huyo, fundi wa cherehani, ndiye aliyemhifadhi. Alikuwa amempa chumba cha uani, na sasa alikuwa anakitaka. Mama mkwe wake alikuwa anakuja kukaa. "Tafuta kazi au tafuta paa lingine," alimwambia asubuhi hiyo hiyo, sindano ikiwa mdomoni, jambo lililofanya maneno yatoke makali kuliko kawaida.

Basi Siagi akaenda Pumziko, kichwa kinang'aa.

Duka lilikuwa limejaa magodoro yaliyofungwa kwa nailoni na kupangwa mpaka darini, na katikati yake, kwenye kigoda, alikaa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, shali mabegani. Wote walimwita Mama Pumziko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umeleta godoro, panga foleni na wenzako."

"Sioni foleni, mama."

"Itakuja."

Siagi akavuta kigoda kingine, akakaa, akashusha pumzi kama aliyefiwa yeye. Akajitambulisha kuwa ni mshauri wa sifa za biashara.

"Zangu zimeisha," Mama Pumziko akasema. "Labda ushauri za jirani."

"Zinarudi, mama. Angalia hapa." Akamwonyesha simu. "Siku hizi mtu hamuulizi jirani duka zuri liko wapi, anauliza simu. Wateja wanakupa nyota. Duka lako lina nyota moja."

Mama Pumziko akasogeza miwani. "Hiyo moja nimepewa na nani? Nimshukuru."

"Moja ndiyo ya chini kabisa. Hawana namna ya kukupa sifuri."

"Ah." Akafikiri. "Basi mtambo umenionea huruma. Na hizo nyota, mwanangu, zinauzwa wapi? Mimi mambo ya mitandao ni giza tupu. Hata simu hii najua kupokea tu, kukata ananikatia muuza matunda."

Siagi alihisi ladha tamu mdomoni. Akaeleza kwamba nyota haziuzwi, hilo lingekuwa kosa kimaadili. Nyota zinapandishwa, na yeye ndiye fundi wa kuzipandisha. Mama Pumziko akainama, akatoa kopo la biskuti chini ya kigoda, akamkabidhi pesa za kianzio bila kubishana hata neno. Mfanyabiashara mzima, mwenye duka la miaka na miaka, asibishane bei. Mtu mwingine hapo angeshtuka. Siagi alikuwa na shughuli ya kutia mfukoni.

Kazi aliifanyia kitandani, chumba cha uani, cherehani ya dada ikinguruma ukutani. Alifungua akaunti moja akawa mwalimu mstaafu, nyingine akawa bibi harusi, nyingine nahodha wa meli. Wote walikuwa wamelala Pumziko na wote walikuwa wameamka wapya. Nahodha alidai alipona kizunguzungu. Lakini kusifu godoro mara nyingi ni kazi ya kuchosha kidole gumba, na Siagi alikumbuka kwamba aliwahi kufanya kazi kama hiyo kwa hoteli moja ya chakula. Maneno ya zamani alikuwa nayo bado. Akayachukua, akabadilisha neno "kuku" kuwa "godoro", akatuma bila kusoma.

Kesho yake mji mzima ulikuwa unasoma ushuhuda wa bibi harusi: "Godoro tamu sana, limeiva mpaka ndani, na mhudumu alituongezea pilipili bila kinyongo. Tutarudi na watoto."

Watu wakauliza kama linaliwa la moto au la baridi. Mmoja akauliza kama kuna la kubeba nyumbani. Nesi naye akapita hapo, akaandika kwa adabu kwamba amechunguza mashahidi hawa wote na amegundua walizaliwa jana, tena kwa pamoja, na anaipongeza familia.

Siagi akaanza kukunja nguo zake. Kianzio kilikuwa mfukoni na mji una njia nyingi za kutokea. Hapo simu ikaita, alikuwa Mama Pumziko. Alijiandaa kutukanwa.

"Mwanangu," mama akasema kwa sauti ya kuchoka, "usijilaumu. Umejitahidi. Mimi nafunga tu. Nirudi kwetu nikapumzike. Ila hili duka na mali yote hii, sijui hata nimwachie nani."

Siagi aliacha kukunja shati. Maneno "nimwachie nani" yaliingia sikioni, yakateremka mpaka tumboni, yakajikunja humo kama paka.

Alifika dukani akihema.

"Mama, kilichochafuka ni jina lako, siyo magodoro. Hamishia biashara kwangu. Kwa maandishi tu. Upepo ukitulia nakurudishia."

"Hapana, mwanangu. Siwezi kukutwisha mzigo huu. Wewe bado kijana."

"Nitwishe, mama."

"Una maisha yako."

"Maisha gani, mama? Naishi uani kwa dada."

Huo ulikuwa ukweli wa kwanza kumtoka wiki ile. Aliutoa kwa bahati mbaya. Mama Pumziko akakataa tena, akatikisa kichwa, akafuta miwani kwa ncha ya shali. Siagi akapiga magoti sakafuni, kati ya godoro la futi nne na la futi sita, akambembeleza bibi wa watu amdhulumu. Alimaanisha: amruhusu amdhulumu. Lakini maneno yenyewe yangetosha kusimama hivyo hivyo.

Mama Pumziko alikubali shingo upande.

Walienda kwa mwanasheria ghorofa ya juu ya duka la vipuri, kijana mwenye pua iliyofanana sana na ya Mama Pumziko, jambo ambalo Siagi alikuja kulitafakari baadaye, alipokuwa na nafasi. Mwanasheria akaeleza kwamba biashara ikitolewa bure wakubwa huuliza maswali, hivyo ni vizuri mnunuzi atoe chochote, kwa ajili ya kuziba midomo. Siagi akarudisha kianzio. Mwanasheria akakitazama akakohoa. Siagi akarudi mbio nyumbani, akatoboa mto wake, akaleta akiba yote ya maisha yake ya udanganyifu. Ilimuuma kidogo. Akafikiria magodoro yale yaliyogusa dari, maumivu yakaisha. Akatia saini kwa mwandiko wa madaha.

"Hongera, mwenye duka," Mama Pumziko akasema. "Tatizo limebaki dogo tu. Watu watajuaje? Wataendelea kudhani ni langu, wakususie bure. Si ungejitokeza wakuone?"

"Mimi huwa sipendi picha, mama."

"Sura kama hiyo? Ningekuwa nayo mimi, ningeuza hata mawe."

Siagi akajikuna kidevu. Alipiga hesabu ya kichwa: atauza kila kitu harakaharaka, atakula kona, na mji utamsahau. Mji husahau. Akasimama mbele ya magodoro, akanyoosha kola. Mama Pumziko, yule ambaye mitandao kwake ilikuwa giza tupu, akashika simu kwa mkono usiotikisika, akailaza ubavu, akamwambia asogee kushoto kidogo mwanga usimpige kwenye upara, akabonyeza pa kubonyeza. Tayari Siagi alikuwa hewani, mubashara.

Alisema vizuri. Alisema yeye ndiye mmiliki mpya, kwamba enzi ya giza imekwisha, kwamba Pumziko sasa ni kioo. Watazamaji wakaongezeka. Mama Pumziko akanong'ona nyuma ya simu, "Ahidi kitu, mwanangu. Watu wanapenda ahadi."

"Yeyote aliyeuziwa godoro bovu hapa," Siagi akasema, mkono kifuani, "alilete. Atapewa jipya. Bila swali."

Aliamini hakuna mtu mwenye akili atakayevuka mji mzima na godoro kichwani kwa ajili ya haki. Katika hilo alikuwa sahihi. Watu walivuka kwa ajili ya hasira, na hasira haioni uzito.

Asubuhi alipokaribia dukani akizungusha funguo kidoleni, aliona barabara nzima imejaa magodoro yanayotembea. Yalikuwa vichwani, kwenye baiskeli, kwenye mikokoteni, juu ya paa la gari dogo ambalo dereva wake alitoa kichwa dirishani ili aone njia. Foleni ilikuwa imefika. Siagi akaingia kwa mlango wa nyuma, akavuta godoro la juu kabisa, akalichana nailoni kwa funguo, akaingiza mkono. Akatoa wigi. Akachana la pili, akakuta matambara na kofia ya mpishi. La tatu lilikuwa zito, akapata matumaini. Ndani yake mlikuwa na godoro jingine, dogo, la mtoto, nalo limejaa soksi.

Akampigia Mama Pumziko. Simu ilikuwa imezimwa. Bila shaka muuza matunda alimsaidia.

Alitoka alikoingilia, akaruka ukuta wa uani, suruali ikabaki nusu na ukuta, akaingia kwenye teksi ya kwanza aliyoiona.

"Popote," akamwambia dereva. "Mbali."

Dereva akamtazama kwenye kioo. "Nimekuona mahali."

"Nafanana na watu wengi."

"Hapana. Wewe ndiye Bila Swali." Akageuza gari taratibu, akarudi alikotoka. "Mke wangu yuko pale kwenye foleni. Tumekuwa na godoro lako tangu tuoane. Sasa nimeelewa mambo mengi."

Akamshusha mbele ya duka. Foleni ikageuka. Mbele kabisa alisimama nesi, glavu na mkasi mkono mmoja, simu imeshainuliwa kwa mwingine.

"Mmiliki," akasema, "wateja wako wanasubiri. Tuko hewani."

Siagi akafungua mdomo. Uongo ulikuwepo, haukuwahi kumpungukia. Ulikuja mwingi, umejipanga, kila mmoja unataka kutoka wa kwanza. Lakini kila alioushika aliona unahitaji msikilizaji ambaye hajamwona jana akiapa, na msikilizaji huyo alikuwa hayupo. Wote walikuwa wamemwona. Wote walikuwa na simu. Bibi mmoja alikuwa na simu mbili.

"Nimetapeliwa," akasema.

Nesi akasogeza simu karibu.

"Na mimi nilikuja kutapeli. Nilitaka kumwibia yule mama duka. Ameniuzia." Akatazama suruali yake. "Nilimbembeleza kwa magoti."

Kicheko kilianzia kwa mke wa dereva, kikasambaa mpaka mwisho wa foleni, magodoro yakatikisika vichwani. Siagi akasubiri kiishe. Kisha, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kukimbilia, akanyoosha mkono kwa nesi, akaomba mkasi. Akaburuta godoro nje, akalipasua mbele ya kila mtu, akaanza kutoa.

"Wigi," akasema. "Hiki cha pili sijui ni nini."

"Ni kifuniko cha kiti cha choo," nesi akasema. "Endelea, kaka. Unatoa vizuri."

Alipasua duka zima siku ile. Watazamaji walikuwa wengi kuliko wa mpira. Katikati ya zoezi, mwenye kiwanda kimoja cha sponji, ambaye alikuwa akitazama ofisini kwake badala ya kufanya kazi, akapiga simu: yuko tayari kumletea sponji halisi, mradi tu jina la kiwanda litajwe hewani, polepole, mara mbili. Nesi akaweka sharti lake: kila godoro jipya lishonwe zipu ubavuni, mnunuzi afungue ajionee. Zipu zilishonwa na dada yake Siagi kwa bei ya kindugu, yaani ghali kidogo kuliko ya sokoni, na chumba cha uani akapewa mama mkwe. Siagi alihamia dukani, akalala juu ya bidhaa zake.

Ahadi ilimchukua muda mrefu kuitimiza. Alichukia kila siku ya kazi hiyo. Alitaka kupunja sponji kidogo tu, unene wa kidole, kwa ajili ya afya ya moyo wake. Lakini nesi alikuwa na tabia ya kuingia bila hodi, kufungua zipu na kutia mkono mpaka begani kama anayezalisha ng'ombe. Nyota zikapanda zenyewe. Mama Pumziko alionekana kwenye simu ya mtu, katika mji mwingine, anauza mito. Siagi alimtazama kwa muda mrefu, na kama kulikuwa na hasira usoni pake, ilikuwa imefunikwa na heshima.

Mchana mmoja duka lilikuwa tupu. Dada, ambaye sasa alishonea zipu hapo hapo dukani, alikuwa amekwenda kununua uzi. Akaingia mzee mmoja mgeni, koti limefungwa vifungo vyote, amekumbatia mkoba.

"Mwanangu, nishikie huu. Nimeuza nyumba ya marehemu kaka yangu, zote zimo humu. Nataka kuingia sokoni mara moja kutafuta viatu, na huko kuna wezi."

"Unanijua, mzee?"

"Nani asiyekujua?" Akauweka mkoba mezani, akaondoka.

Siagi akabaki na mkoba. Hapakuwa na nesi, wala simu, wala foleni. Maisha yake yote aliyatumia kutafuta dakika hii: alijifunza kulia kwa kuamua, alijifunza lafudhi za watu, alipiga magoti sakafuni, ili mtu mmoja tu amkabidhi mkoba kwa hiari na kumpa kisogo. Akauinua kuupima uzito. Ulikuwa na uzito mzuri. Akatazama mlango wa nyuma. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akafika mpaka mlangoni, akaufungua, akaona ukuta ule, na kipande cha suruali yake bado kinapepea juu.

Akaufunga mlango. Hakuogopa ukuta. Alichoogopa ni kwamba alikuwa ameanza kumwazia mzee. Mbona anachelewa? Viatu gani hivyo? Je, kama wamemwibia kule sokoni?

Mzee alirudi na viatu vyake, akachukua mkoba, akauweka kwapani bila kuufungua.

"Huhesabu?" Siagi akamuuliza.

"Nihesabu nini?" mzee akasema, akaenda zake.

Dada aliporudi na uzi alimkuta kaka yake amejitupa kwenye godoro la futi sita, jasho linamtoka, macho darini.

"Una homa?"

"Nimeibiwa, dada."

Dada akatupa macho huku na huku. Kila kitu kilikuwa mahali pake. "Umeibiwa nini?"

Siagi akafikiri.

"Sijajua bado," akasema. "Ila nikijipapasa naona hakipo."